Ukakasi wa Mwaloni

Mama Hyonu alifika sokoni kabla ya saa nne asubuhi, amevaa koti lake la kwendea msibani na mkononi ameshika mfuko wa nailoni. Hakumsalimia mtu. Aliwapita wauza kabichi, akampita Mama Chilsong muuza dagaa wakavu, akasimama mbele ya mkeka wa Bibi Mallye na kuutua ule mfuko juu ya sinia lake.

"Bibi, hii si muk ya mwaloni," alisema.

Bibi Mallye alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, na hamsini kati ya hiyo alikuwa ameikalia pale pale, chini ya ukuta wa ghala la chumvi. Soko la Jinmok hukaa kila baada ya siku tano, naye hakukosa hata moja tangu majani ya milimani yanapoanza kugeuka rangi hadi theluji inapofunga njia. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuokota kokwa za mwaloni, kuzisaga, kuzitoa ukali kwa maji, kisha kuupika wanga wake mpaka ugande na kutetemeka siniani kama ini bichi. Ndiyo hiyo muk. Watu wa Jinmok walikuwa hawasemi wanakwenda kununua muk; walisema wanakwenda kwa Mallye.

Kwa hiyo alicheka. "Si ya mwaloni? Basi ni ya nini, mwanangu? Ya mawe?"

Waliokuwa karibu wakacheka naye.

"Ya mahindi," alisema Mama Hyonu, wala hakucheka. "Juzi ilikuwa siku ya kumkumbuka baba yangu. Wewe unamjua baba yangu."

"Mwalimu Pyo? Nani asiyemjua? Alimfundisha mwanangu kusoma."

"Kila mwaka namwekea muk yako mezani, kwa sababu siku anakata roho ndicho kitu pekee alichoomba. Juzi nikamwekea. Tulipomaliza kusujudu tukakaa kula, kaka yangu aliyetoka Seoul akatia kipande mdomoni, akakitema kwenye kitambaa. Akaniambia mbele ya mkewe na wanangu, 'Dada, hata marehemu unampunja? Umemlisha Baba wanga wa mahindi.'" Akausogeza ule mfuko mbele ya Bibi. "Bibi, mimi ndiye niliyebaki huku kulinda kaburi. Kaka yangu ana kila kitu. Mimi nilikuwa na ile meza tu, mara moja kwa mwaka, ya kujisifia mbele yake."

Kicheko kilikuwa kimeshakufa.

"Onja mwenyewe," alisema, akaufungua mfuko.

Bibi Mallye alichukua kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba. Muk ya mwaloni ukiibonyeza huwa inakurudishia kidole. Ile ilimeguka, ikabaki na kingo kavu kama za sabuni. Akaiweka mdomoni, akatafuna polepole, soko zima likimtazama taya. Mdomoni hakukuwa na kitu ila ubaridi.

"Ni ya mwaloni," alisema.

"Bibi!"

"Nimesema ni ya mwaloni!" Uso ulikuwa umemwiva. "Miaka hamsini nimekaa hapa. Wewe hujazaliwa mimi nauza. Kama humu mna hata kijiko kimoja cha mahindi, basi mkeka huu niukunje na nisiutandike tena mpaka nizikwe. Mmesikia nyote?"

Walisikia. Mama Chilsong, ambaye mkeka wake ulikuwa bega kwa bega na wa Bibi, aliinuka na mikono kiunoni. "Mama Hyonu, shoga yangu, kagombane na kaka yako. Usije kumalizia hasira zako kwa mtu mzima."

Ugomvi ungekua, lakini Bwana Maeng, mwenyekiti wa soko, alijipenyeza katikati na filimbi yake shingoni. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana.

"Basi, basi, mama zangu. Jambo dogo hili. Soko lijalo Bibi atuletee unga wake, tuwashe moto hapa hapa, apike wote tukiona. Ikiwa si ya mwaloni, tutajua. Ikiwa ni yenyewe, Mama Hyonu atamwinamia Bibi na kumwomba radhi mbele ya watu wote hawa. Mmekubali?"

"Nimekubali," alisema Mama Hyonu.

Bibi Mallye alikuwa ameshaanza kukata muk kwa ajili ya mteja mwingine. Aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho.

Jioni hiyo Dokman, mwanawe, alikisimulia kisa chote mezani huku akila. Alikuwa dereva wa lori la kabichi, ndiye aliyempitia mama yake sokoni, na habari alikuwa ameshazipata kwa watu watano tofauti.

"Eti mahindi!" alisema akicheka. "Watu wamekosa kazi. Mama Nari, unga upo wa kutosha kuwapikia hao wambea?"

Mkewe, Sunim, alikuwa anamwekea binti yao Nari wali. Kijiko kilisimama hewani kidogo, kikaendelea. "Upo," alisema.

Bibi Mallye alikula, akashukuru, akaenda kulala mapema.

Unga ulikuwepo kweli, mtungi mzima, nyuma ya mlango wa stoo. Lakini Sunim ndiye aliyeujua ukoo wake. Mwaka ule mialoni ya mteremko wa karibu ilikuwa imegoma. Ukiuliza watu wa milimani watakuambia kwamba mwaloni hauzai kila mwaka sawasawa. Mwaka mmoja unamwaga kama mvua, mwaka unaofuata unakuonyesha majani. Sunim aliokota alichokipata, magunia mawili badala ya saba, na alipoona hayatoshi alikwenda mjini kwa siri akanunua wanga wa mahindi. Mara ya kwanza alitia bakuli moja. Watu walikula wakasifu. Mara ya pili akatia mawili. Ule uliokwenda kwenye meza ya Mwalimu Pyo ulikuwa mahindi zaidi ya nusu.

Asubuhi, lori la Dokman lilipoondoka na Nari alipokwenda shule, Sunim alijifunga kitambaa kichwani akachukua magunia matatu.

"Naenda kutafuta uyoga, Mama," alisema.

"Kwa magunia matatu?" aliuliza Bibi Mallye kutoka barazani.

Sunim alijifanya hakusikia.

Alipanda hadi ukingo wa pili wa mlima Gamaji, ambako mialoni ni mikubwa na watu hawafiki kwa sababu njia ina mawe yanayoteleza. Huko kokwa zilikuwepo. Zililala chini ya majani makavu, za kahawia, zinazong'aa, nyingine bado zimevaa kofia zao. Aliokota amechutama mpaka magoti yakamwaka. Zenye tundu la funza alizitupa. Kwenye kila mti aliacha lundo dogo kwa ajili ya kindi, kama alivyofundishwa siku ya kwanza aliyoletwa mlimani akiwa bi harusi, na mama mkwe akamwambia, "Mwaloni una wapangaji wengi, mwanangu. Sisi ni mmoja wao." Sasa alikumbuka maneno hayo akiwa peke yake, akaona haya, kana kwamba kuna mtu anamtazama.

Wakati wa kushuka aliteleza mara mbili. Gunia moja lilipasuka, kokwa zikabingirika bondeni, akazifuata moja moja huku akilia kwa hasira. Alifika nyumbani jua likiwa limeinama, viganja vimechubuka.

Bibi Mallye alikuwa amekaa barazani. Mbele yake alikuwa ameshapanga beseni mbili, jiwe la kupondea na ubao.

"Uyoga wako mzito," alisema. "Mimina huku."

Sunim alimimina. Bibi akatia maji, zilizoelea akazichota na kuzimwaga uani, zilizozama akaanza kuzipasua: jiwe, ganda, jiwe, ganda. Alikuwa ameshapasua kama thelathini alipouliza, bila kuinua kichwa:

"Unga wa mwaka huu umetia mahindi kiasi gani?"

Sunim alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. "Nusu, Mama. Ule wa Mama Hyonu ulizidi nusu."

Jiwe lilisita, likaendelea.

"Kwa sababu gani? Tulikuwa na njaa?"

"Hatukuwa na njaa."

"Basi?"

"Mialoni ya hapa chini haikuzaa. Ungejua, ungepanda ukingo wa pili. Mwaka jana Dokman alikuteremsha mgongoni, mguu umevimba kama mtungi. Nikasema mwaka huu hapandi mtu. Na nisingeweza kukuambia usiende sokoni, Mama. Baba mkwe alipofariki ulikaa chumbani humo miezi mitatu ukitazama ukuta. Siku uliyotoka ndiyo siku ya soko."

"Kwa hiyo ukanifanya mtoto."

"Ndiyo, Mama."

"Ukanitia aibu ya mahindi nikaenda kuitangaza mwenyewe kwa mdomo wangu."

Sunim alikuwa amedhamiria kunyamaza. Lakini alikuwa amechoka, na uchovu una mdomo wake. "Na wewe Mama, kila asubuhi ya soko uliionja kabla haijatoka humu ndani. Kila asubuhi ulisema, 'Safi.' Hata ile iliyokuwa mahindi zaidi ya nusu ulisema safi."

Bibi Mallye aliliweka jiwe chini. Kuku alikuja akadonoa ganda, hakuna aliyemfukuza.

"Tangu ile homa ya majira ya kuchipua," alisema mwishowe, "sisikii ladha ya kitu. Chumvi, sukari, dawa, vyote sawa. Kama kula kitambaa."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilitia chumvi mara mbili kwenye supu, kwa kusahau. Dokman alikohoa mpaka akatoka nje. Wewe uliinywa yote ukaomba nyingine."

"Ulijua, ukanyamaza. Ukaona hapo ndipo pa kupitia."

"Ndiyo." Machozi yalimtoka Sunim. "Hilo ndilo baya, Mama. Mahindi si kitu. Baya ni hilo."

Mama mkwe akamsukumia jiwe la pili. "Pasua. Maji yanataka siku tatu, na siku tunazo nne tu. Tukizembea itakuwa chungu kama shubiri."

Walipasua mpaka giza likaingia, na kulipopambazuka Sunim akazipeleka kwenye mashine ya kusaga. Walizichuja kwenye mfuko wa kitambaa, wakikamua maji mazito kama tui na kuyatenga machicha, wakayaacha yatuame ndani ya pipa. Kila asubuhi na kila jioni Sunim alimwaga maji ya juu, mekundu kama chai ya mkandaa, akatia mengine. Siku ya kwanza yalikuwa mekundu. Siku ya pili yalikuwa ya dhahabu. Chini ya pipa tope laini la rangi ya udongo lilizidi kunenepa.

Siku hizo mbili hawakuzungumza zaidi ya kazi. Siku ya tatu Dokman aliinamia pipa, akanusa, akaelewa. Hakuwa mpumbavu. Alimvuta mkewe kando, akaambiwa kila kitu, akakaa kwenye ngazi akajishika kichwa.

"Sasa si mambo yamekwisha?" alisema baada ya kufikiri. "Unga huu ni halali. Mtapika, watakula, watanyamaza."

"Na Mama Hyonu?" aliuliza Sunim.

"Mama Hyonu kafanya nini?"

"Kasema kweli. Ataambiwa ainame."

Dokman alimtazama mama yake ili amsaidie. Bibi Mallye alikuwa anafunika pipa. "Kuinama hakujaua mtu," alisema. "Mimi nimeinamia watu wengi wasiostahili. Mwenye haki akiinama mara moja, mgongo utanyooka kesho. Sisi tukianguka hatuinuki." Aliyasema yote hayo bila kumtazama yeyote, na mikono yake ilikuwa inafunga kile kifuniko mara ya tatu.

Siku ya soko watu walikuja hata wasiokuwa na cha kununua. Bwana Maeng alikuwa ameweka jiko la chuma mbele ya ghala la chumvi na kamba kuzunguka, kana kwamba kuna mieleka. Mama Chilsong alikuwa amejipa kazi ya kuchochea moto.

"Sogeeni, sogeeni, lakini msipumulie sufuria," alisema. "Pumzi za wambea huharibu muk."

Mama Hyonu alisimama upande wa pili wa kamba, peke yake, na koti lile lile. Hakuna aliyesimama karibu naye.

Bibi Mallye alimimina wanga na maji, kipimo kimoja kwa sita, akashika mwiko wake mrefu. Alikoroga upande mmoja tu, wa kulia, bila kupumzika. Mwanzo yalikuwa maji tu yenye rangi ya matope. Halafu yakaanza kuwa mazito, mwiko ukaanza kuburuta, mapovu makubwa yakapanda na kupasuka kwa sauti ya mtu anayepuliza shavu. Jasho lilimdondoka. Sunim alinyoosha mkono kumpokea, akakataliwa kwa kiwiko. Wakatia chumvi kidogo na matone ya mafuta ya ufuta, wakamimina siniani, wakasubiri. Ilikuwa siku ya baridi kavu. Kabla ya saa sita ilikuwa imeganda.

Bwana Maeng alipigapiga upande wa sinia. Muk yote ikatikisika, ikatulia. Bibi akakata kipande kirefu chembamba kama mkanda, akakiinua kwa vijiti viwili. Kilining'inia, kikacheza, hakikukatika.

"Oooh!" walisema watu.

Kikagawiwa kwa waliokuwa mbele. Walitafuna wakitazamana. "Ndiyo yenyewe." "Hii ndiyo kwa Mallye." "Ukakasi wake huo hapo, unakukaba halafu unakuachia." Mzee mmoja aliomba cha pili, akaambiwa hii ni kesi si harusi.

Bwana Maeng akapeleka kipande kwa Mama Hyonu. Aliionja. Uso wake ulibadilika, na aliyekuwa karibu angeweza kuona kwamba haukubadilika kwa kushindwa tu. Aliitambua. Ilikuwa ile aliyoililia baba yake.

"Ni ya mwaloni," alisema kwa sauti ndogo.

"Hatujasikia huku nyuma!"

"Ni ya mwaloni."

"Labda kaka yako alikula mahindi huko Seoul akasahau kupiga mswaki!" alisema Mama Chilsong, na soko likaangua kicheko. Mtu mwingine akasema, "Ya marehemu alikula mwenyewe, akaweka ya bei rahisi mezani!" Wakacheka zaidi. Mama Hyonu aligeuka huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. Alikuwa ameanza kuamini kwamba alikosea yeye; kwamba labda ulimi wake na wa kaka yake, zote mbili, zilimdanganya.

"Haya mama, tulikubaliana," alisema Bwana Maeng, si kwa ubaya. "Mwinamie Bibi, tukale."

Ardhi ilikuwa matope, maji ya kuoshea samaki yamepita hapo. Mama Hyonu alikusanya pindo la koti lake, akaanza kupiga goti.

"Usiiname!"

Ni Sunim. Alikuwa ameshavuka kamba. Dokman alimshika mkono, yeye akauchomoa.

"Usiiname, dada. Hii ni ya kweli. Ile haikuwa. Hii nimeiokota kesho yake, baada ya wewe kuja hapa. Ile ya baba yako nilitia mahindi zaidi ya nusu, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Sauti zikaja zote kwa pamoja, na zilikuwa kali kwa sababu ni zile zile zilizokuwa zinacheka sasa hivi. "Mwongo!" "Anauza uongo mgongoni mwa bibi wa watu!" "Mkwe huyo! Mkwe huyo angekuwa wangu!" Jani la kabichi lilimpiga Sunim begani. Hakuliondoa.

Bwana Maeng alipuliza filimbi. "Jamani! Kumbe Bibi mwenyewe kadanganywa. Maskini, mtu mzima kama huyu, amefichwa na mkwe ndani ya nyumba yake. Bibi, wewe huna kosa. Kaa mahali pako, utuuzie."

Mlango ulikuwa wazi, na mtu mwingine angepita. Watu walikuwa wameshaanza kumtazama Bibi Mallye kwa huruma, Mama Chilsong ameshamshika bega. Bibi aliutazama mkeka wake, ukuta wa ghala, wale watu. Aliuweka mwiko chini.

"Sikudanganywa," alisema.

"Bibi, si umesikia mkweo..."

"Nimesikia. Mimi ulimi wangu umekufa tangu majira ya kuchipua, sionji kitu, na sikumwambia mtu kwa sababu nani atanunua chakula kwa mpishi asiyeonja? Lakini vidole vyangu havijafa. Siku ile niliposhika muk ya huyu mama nilijua. Nilijua, nikaapa hivyo hivyo. Yeye mkwe wangu alidanganya mmoja mmoja. Mimi nilidanganya soko zima kwa mkupuo."

Akapiga magoti, polepole, kwanza lile zima halafu lile bovu, akaanza kukunja mkeka.

"Bibi, acha bwana," alisema Mama Chilsong, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Maneno ya hasira yale. Nani ameyaandika?"

"Niliapa kwa mdomo, sikuapa kwa karatasi." Aliukunja mpaka mwisho, akaufunga kwa kamba yake. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua kama kumsaidia ni heshima au ni kumfukuza.

Kisha, akiwa bado magotini kwenye matope yale, akamwinamia Mama Hyonu. Sunim akapiga magoti pembeni yake. Dokman alisimama nyuma yao, kofia mkononi, akitazama viatu vyake. Mwisho naye akainama.

Mama Hyonu alilia, lakini hakulainika. "Mimi msiniombe," alisema. "Na msinirudishie hela. Aliyekula mahindi ni baba. Nendeni mkamwambie yeye."

Walikwenda alasiri ile ile. Lori la Dokman liliwafikisha hadi mwisho wa barabara. Kutoka hapo walipanda wanawake watatu, Mama Hyonu mbele, Sunim nyuma na muk iliyobaki ndani ya kitambaa, Bibi Mallye katikati akitegemea fimbo na kupumzika kila penye jiwe. Kaburi lilikuwa kilima kidogo cha duara chenye nyasi zilizofyekwa vizuri, mtu angeona mara moja kwamba lina mlinzi.

Mama Hyonu alitandika kitambaa, akaweka muk, akamimina kikombe cha pombe ya mchele. Sunim akasujudu mara mbili, paji la uso kwenye nyasi. Bibi Mallye alijaribu, goti likagoma njiani. Mama Hyonu alimtazama akihangaika, akasema kwa ukali, "Basi Bibi. Mwambie umesimama. Baba hakuwa mtu wa makuu."

Bibi alishika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu," alisema, "ile ya juzi ilikuwa yangu lakini haikuwa ya mwaloni. Mwanao hakukupunja. Alinunua kwa imani. Nimemwambia kila mtu sokoni, na akija yule wako wa Seoul nitamwambia na yeye. Hii hapa ndiyo yenyewe. Sasa kula, na kama una hasira, unasubiri kidogo tu, nakuja huko huko tutagombana uso kwa uso."

Mama Hyonu alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Alikaa kwenye nyasi. Walimpa Mwalimu muda wake, kama desturi, upepo ukipita kwenye misonobari, kisha Mama Hyonu akaikata muk vipande, kwa sababu kilichopewa wafu lazima walio hai wakile. Kipande cha kwanza alikula yeye. Cha pili alikishika kwa muda kabla ya kumpa Sunim, na alimpa bila kumtazama usoni. Lakini alimpa kwa mikono miwili.

Walipokuwa wanateremka, Mama Hyonu amebaki nyuma kukusanya vyombo, Bibi Mallye alisimama kwenye jiwe kupumzika.

"Mama Nari."

"Naam, Mama."

"Ulivyoila. Ikoje?"

Sunim alifungua mdomo kusema safi. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lilikuwa neno la nyumba ile kwa miaka mingi. Akalimeza.

"Ina ukakasi wa kupita kiasi, Mama. Inakaba kooni. Tungeiacha majini siku moja zaidi."

"Siku moja!" Bibi Mallye alimkodolea macho. "Miaka hamsini ninapika, hakuna aliyewahi kuniambia siku moja zaidi. Watu wamelamba vidole pale!"

"Wamelamba. Lakini inakaba."

Bibi alinung'unika kitu kuhusu wakwe wa siku hizi. Akaligonga lile jiwe kwa fimbo mara mbili tatu. Bondeni lori la Dokman lilipiga honi kuwaita.

"Inakaba hapa mwanzoni," aliuliza, akigusa ncha ya ulimi wake, "au huku nyuma?"

"Huku nyuma."

"Basi ni kweli, ilitaka siku moja." Akamshika mkwewe begani ili ashuke lile jiwe. "Na mwakani, hata ikiwa ya kula nyumbani tu, kuonja ni kazi yako. Na ole wako uniambie safi."